Ruta ya faiba yenye PPPoE: kasi safi, MTU mbovu

Kwa kasi, ruta hii iliyokuja na laini ya faiba sina la kuilalamikia. Tatizo ni MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja ya data, kwa baiti): imeachwa 1500 kwenye laini ya PPPoE (njia ya kuunganisha ruta na mtoa huduma kwa jina la mtumiaji na nywila), na kosa hilo moja linatosha kuvuruga kazi za siku nzima.

Dalili zake zinapotosha. Ping (jaribio la kutuma pakiti na kusubiri jibu) inajibu, kipimo cha kasi kinatoa namba nzuri, ila baadhi ya kurasa zinazunguka tu bila kufunguka na barua pepe yenye kiambatisho inakwama. PPPoE hula baiti 8 katika kila fremu, hivyo kati ya 1500 zinabaki 1492. Pakiti inayozidi hapo, ikiwa na alama ya kukataza kukatwa, hutupwa. Mtumaji anapaswa kurudishiwa taarifa ya ICMP (ujumbe wa makosa ya mtandao) ili apunguze ukubwa. Faiawoli ikiizuia, anarudia kutuma ileile na inapotea kimyakimya.

Kupima, zima VPN, tumia kebo, kisha kwenye Windows andika:

ping -f -l 1472 8.8.8.8

Kwenye Linux ni ping -M do -s 1472 8.8.8.8. (8.8.8.8 ni seva ya Google.) Kwangu 1472 haikurudi kabisa, 1464 ikapita. Kwenye 1464 ongeza baiti 28 za vichwa vya pakiti (20 za IP, 8 za ICMP) upate 1492. Angalia pia namna inavyogoma: ukiambiwa pakiti inahitaji kukatwa, ruta inakijua kikomo chake. Ukimya mpaka muda unaisha ndio ugonjwa wenyewe.

Dawa iko kwenye mipangilio ya WAN (upande wa intaneti): MTU 1492, MSS (kiwango cha juu cha data katika pakiti ya TCP, itifaki inayobeba barua pepe na kurasa nyingi) 1452, kwa IPv6 MSS 1432. Hifadhi, kata PPPoE, unganisha upya, pima tena. Ushauri wa kushusha hadi 1400 bila kupima siupendi, maana kila pakiti inabeba data pungufu bila sababu.

MSS inaokoa TCP peke yake. WireGuard, aina ya VPN, hutumia UDP (itifaki nyingine, isiyo na MSS), na MTU yake ya kawaida ni 1420. Ikipita juu ya IPv4 huongeza baiti 60, jumla 1480, inaenea. Juu ya IPv6 huongeza 80, inafika 1500 na kukwama. Hapo MTU ya WireGuard iweke 1412.

Nimeipunguzia ruta nyota moja kwa sababu baada ya kusasisha programu yake, MTU ilirudi 1500 bila taarifa yoyote.