Uzoefu wangu na taa za hali za seva ya HPE ProLiant DL380 Gen10

Ninasimamia mifumo ya kompyuta ya kampuni inayouza vipuri vya magari kwa jumla, yenye duka Kariakoo na ghala kando ya Barabara ya Nyerere, na hesabu zetu zote, kuanzia stoo hadi ankara, zinategemea seva moja ya HPE ProLiant DL380 Gen10 tuliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Uwezo wake, yaani prosesa mbili za Xeon, nafasi 24 za memori na diski zinazochomolewa bila kuizima, umeelezwa na wengi, kwa hiyo sitaurudia. Nitazungumzia taa zake, kwa sababu katika mazingira yetu ya umeme unaokatika na mafundi wanaochelewa kwenye foleni, hizo ndizo zinazonijulisha kama niagize kipuri, nisubiri, au nibonyeze tu kitufe.

Mbele kuna taa nne: ya kitufe cha kuwashia, ya afya ya mfumo, ya mtandao, na ya utambulisho ambayo ni ya bluu. Taa ya afya ikiwa ya kijani isiyopepesa, mambo ni shwari. Ikipepesa rangi ya chungwa, kuna sehemu imedhoofika lakini kazi inaendelea. Ikipepesa nyekundu, hali ni mbaya na hakuna muda wa kupoteza. Wengi huishia hapo, wakasahau kwamba kila taa ina lugha yake. Kitufe cha kuwashia kikiwa na rangi ya chungwa isiyopepesa, si ugonjwa hata kidogo: umeme umefika, ila seva iko katika hali ya kusubiri. Baada ya umeme kukatika usiku na betri za UPS kuisha, mlinzi wetu alinipigia simu kwa hofu akisema mashine imewaka “taa ya hatari”, kumbe ilikuwa inasubiri kuwashwa. Tangu hapo nimeipanga katika mipangilio yake ya awali ijiwashe yenyewe umeme unaporudi.

Simu za namna hiyo zimenifunza kutoomba picha. Picha inaonyesha rangi, haionyeshi kupepesa, na kwenye seva hii kupepesa ni nusu ya habari. Taa ya hali ya diski ikiwa ya chungwa bila kupepesa, diski imekufa. Ikipokezana chungwa na kijani, diski bado inafanya kazi ila imetabiriwa kwamba itakufa. Ikipepesa kijani peke yake, huenda data inajengwa upya ndani yake. Kwenye picha moja ya simu hali hizo zinaweza kufanana kabisa. Kwa hiyo humwambia mtunza stoo anirekodie video, asimame palepale asitikise simu, na ahesabu taratibu hadi kumi kabla ya kuacha.

Diski ndizo zilizonithibitishia thamani ya taa hizi. Diski zetu zimepangwa kwa RAID 5, mpango unaovumilia kufa kwa diski moja, lakini si mbili. Moja ilipoanza kupokezana chungwa na kijani, tulikuwa bado hatujapoteza kitu. Nilichukua nakala ya akiba ya hifadhidata yote, nikaagiza diski mbadala, kisha nikamwita fundi kijana wa kuja kuibadilisha. Alipoichomoa ile mbovu, diski zote zilizobaki ziliwasha taa ndogo nyeupe ambayo hadi wakati huo ilikuwa imezimwa. Aliingiza mpya, nayo ikaanza kupepesa kijani. Kisha, kwa nia njema kabisa, akaishika diski ya jirani ili aitoe na kupuliza vumbi lililokuwa limeganda mbele yake.

“Kijana, hiyo usiiguse,” nilimwambia. “Huoni taa nyeupe?”

“Lakini mzee, hali yake si kijani? Hii ni nzima kabisa.”

Alikuwa sahihi kwamba ilikuwa nzima, na hapo ndipo mtego ulipo. Taa ya kijani inaeleza hali ya diski yenyewe, ilhali nyeupe inaeleza kitakachoipata data ukiiondoa: ikiwaka, maana yake ni usichomoe, kwa kuwa hifadhi yote ya data iliyopangwa kwenye diski hizo itaanguka. Mradi ujenzi upya haujakamilika, kila diski nzima iliyobaki imebeba sehemu ya data isiyopatikana kwingine. Tuliacha vumbi lilivyo. Ujenzi huo huchukua saa nyingi diski zikiwa kubwa, na taa nyeupe hazikuzima mpaka ulipomalizika. Kwa maoni yangu, taa hii peke yake inatosha kumfanya mtu aipendelee mashine hii kuliko seva ambayo kwenye diski ina taa ya kazi na ya hali tu.

Kuna ishara nyingine ambayo ni adimu lakini ni ya kuijua mapema. Taa zote nne za mbele zikipepesa kwa pamoja, ni hitilafu ya umeme ndani ya seva, na idadi ya mipepeso kabla ya kutulia kidogo inataja eneo: mara moja ni bodi kuu, mbili ni prosesa, tatu ni memori, tisa ni pawasaplai, na namba za katikati zinahusu kadi, kidhibiti cha diski na bodi zinazogawa umeme. Sisi tuliona mipepeso mitatu baada ya kuongeza memori za mtumba. Tuliondoa kebo zote za umeme, tukatoa memori mpya, na seva ikawaka. Ishara hiyo haikututajia ni kipande kipi kibovu. Hilo tulilijua kwa kurudisha kimoja kimoja.

Kasoro zipo. Taa ya pawasaplai, iliyo nyuma, ni ya kijani au imezimwa, basi. Ikizimika, haikuambii kama kebo imelegea, UPS imeishiwa, au pawasaplai yenyewe imeungua, kwa hiyo jaribu kwanza kebo na soketi nyingine kabla ya kununua kipuri. Tena, ukiwa na pawasaplai mbili na moja haijachomekwa umeme, taa ya afya itapepesa chungwa ingawa hakuna kilichoharibika, na mtu akiizoea rangi hiyo, siku feni itakapokufa hataitazama. Kidirisha kinachovutwa mbele na kuonyesha kwa taa ndogo ni feni au memori ipi yenye tatizo kinauzwa kama nyongeza tu, na seva nyingi zilizotumika hazinacho. Aliyezoea Dell PowerEdge R740 naye aangalie: huko bluu isiyopepesa ndiyo afya njema, ilhali hapa bluu ni ya kukusaidia kuitambua seva yako unapozunguka nyuma ya raki.

Anayenunua seva hii ikiwa imetumika, kama sisi, asilipe kabla hajaiona ikiwaka ikiwa na pawasaplai zote mbili kwenye umeme. Kitufe kitoke chungwa, kipepese kijani, kisha kitulie kijani. Taa ya afya iwe kijani. Na mbele ya diski pasiwe na chungwa popote. Baada ya hapo unganisha kompyuta ndogo kwenye tundu la iLO, yaani mfumo wa ndani wa kuisimamia seva kwa mbali, na ufungue daftari la matukio, ambalo husomeka bila leseni ya kulipia. Taa huonyesha hali ya sasa tu, lakini daftari huhifadhi tarehe za makosa ya memori, feni na umeme. Daftari likifutwa, tendo hilo nalo huandikwa; ukikuta mstari huo una tarehe ya wiki ileile unayouziwa, muulize muuzaji alikuwa anafuta nini.