Lenzi zangu za zamani za EF kwenye Canon R6: uzoefu wangu na adapta na utulizaji

Napiga harusi na sendofu hapa Mbeya mjini, na msimu wa maua nikipata mgeni napanda naye Hifadhi ya Kitulo. Nilipotoka kwenye DSLR (kamera yenye kioo cha kuakisi ndani) nikaingia mirolesi (isiyo na kioo hicho), Canon EOS R6, lenzi zangu zote zilikuwa za EF, yaani za DSLR za Canon: 50mm f/1.8, 16-35mm na 70-200mm f/2.8. Kununua za RF, zilizotengenezwa kwa mirolesi, zote kwa mpigo ni hesabu ya mtu anayetaka kuuza kiwanja. Nikachukua adapta ya kuzifunga kwenye R6, na mpaka leo sijauza hata lenzi moja.

Ndani ya adapta hamna lenzi yoyote, ni bomba tupu lenye pini za umeme huku na huku. Lenzi ya EF hukaa milimita 44 mbele ya sensa (sehemu inayonasa picha), ya RF milimita 20, kwa sababu kile kioo cha kuakisi cha DSLR kinachoruka juu kila unapobonyeza hakipo tena. Adapta inajaza zile 24 zinazopungua, basi. Ndiyo maana picha haipotezi ubora, na ndiyo maana lenzi ya RF huwezi kuirudisha kwenye DSLR. Fokasi inajiendesha yenyewe kama kawaida.

Raha hasa ni utulizaji wa ndani ya kamera. Sensa inasogea kukabili mtikisiko wa mkono, hivyo hata ile 50mm, ambayo haikuzaliwa na kitulizaji, sasa inacho. Kanisani ambako padri hataki flashi, napiga madhabahu na mapambo kwa 1/10 ya sekunde bila stendi, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) ikiwa chini. Kwa 70-200 angalia swichi ya utulizaji iliyo ubavuni mwa lenzi: ukiizima pale, na wa kamera unazimika. Lawama nyingi zinazotupiwa adapta chanzo chake ni swichi hiyo.

Ila kinachotulizwa ni mkono wako. Maharusi wakianza kuingia ukumbini kwa kucheza, 1/10 haikusaidii kitu, rudi 1/250 na upandishe ISO. Kitulo vilevile: upepo wa kule juu hauliachi ua la okidi litulie, na hakuna sensa ya kulishika. Zile stopu nane za utulizaji zinazotangazwa (kila stopu inakuruhusu kuongeza muda wa kupiga mara mbili) ni kipimo cha juu kabisa, kwa baadhi ya lenzi za RF, si kwa kila unachofunga mbele.

Nina pia Helios 44-2 ya Kisovieti, 58mm f/2, ya skrubu ya M42. Adapta yake ni chuma kitupu, haina pini, kwa hiyo kamera haijui kama kuna lenzi. Kwanza ruhusu kwenye menyu shata (pazia linaloingiza mwanga) ifyatuke bila lenzi. Pili, sehemu ya utulizaji, andika 58, urefu wa fokasi wa lenzi, kwa mkono wako. Hili la pili watu wanaliruka. Namba ya 200 ikibaki pale, sensa inasogea kupita kiasi na picha inatikisika kuliko ungezima kabisa. Ukiacha 24, kazi inafanyika nusu. Fokasi ni ya kuzungusha, nakuza picha kwenye kioleo kabla ya kubonyeza. Kwa picha za bibi harusi aliyekaa, mandhari ya nyuma inavyozunguka kwenye hiyo Helios, lenzi zangu nyingine haziwezi.

Adapta za bei chee zikague kabla hujalipa. Funga lenzi, itikise: ikicheza, rudisha. Kisha toka nje ulenge mlima Loleza. Adapta ikiwa nene kuliko inavyotakiwa, vitu vya mbali havitakaa kwenye fokasi hata uzungushe mpaka mwisho.

Uzito nao. Ukiwa na 70-200 shika lenzi, usiinue kwa kamera, maana mzigo wote unaangukia kwenye maungio ya adapta.

Video ndiko nisikoridhika. Ukitembea na lenzi pana, inayochukua eneo kubwa, huku sensa ikijisogeza, kona za picha zinayumba kama maji kwenye beseni. Kwa msafara wa maharusi bado nabeba gimbali, ule mkono wa kutuliza kamera. Lenzi ya kwanza ya RF nitakayonunua itakuwa pana na yenye kitulizaji chake. Ile 70-200 inabaki kwenye adapta mpaka ife.