TAHADHARI: Wanaokusanya mablanketi ya "waathiriwa wa tetemeko la Uturuki" Eastlands ni matapeli

Wakazi wenzangu wa Umoja, Kayole, Komarock, Donholm na mitaa ya jirani, someni hii kisha muwafikishie akina mama wa vyama vyenu, wazee wa kanisa na maimamu.

Kuna kikundi kinachopita mitaani na pikapu nyeupe kikiomba mablanketi, makoti na kile wanachokiita "ada ya kontena" kwa ajili ya waathiriwa wa tetemeko la Uturuki na Syria. Msiwape kitu. Mablanketi hayo hayaendi Uturuki. Yanauzwa Gikomba, na nitaeleza nilivyojua.

Mimi ni wakala wa forodha, ofisi yetu iko Industrial Area, na kazi yangu ya kila siku ni makaratasi ya mizigo inayotoka na kuingia nchini. Shangazi yangu ni katibu wa chama cha akina mama Umoja. Chama chao kilitoa mablanketi mapya, na yeye, kwa kuwa ni mtu wa kuweka kumbukumbu, alitaka hati ya kuonyesha mzigo umefika. Alipotumiwa karatasi na picha akanipitishia nimwangalizie. Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia.

Wanavyokuja ni hivi. Huwa wanaume wawili na msichana mmoja, wote wamevaa vizibao vyekundu vyenye msalaba na mwezi mwandamo kifuani, na vitambulisho vimening'inia shingoni. Hawasemi moja kwa moja kwamba ni Msalaba Mwekundu. Wanasema "tunashirikiana nao." Makao makuu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya yako South C na si siri, mtu yeyote anaweza kwenda kuuliza kabla ya kufungua mlango wa stoo. Msichana ndiye anayezungumza. Anaamkua vizuri, anawaita akina mama "mama zangu", anaomba dakika tano baada ya ibada, kisha anatoa simu na kuonyesha video.

Na video hizo, nyingi ni za kweli. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Tetemeko lilitokea kweli, tarehe 6 Februari 2023, saa kumi na dakika 17 alfajiri, watu wakiwa usingizini na baridi kali nje. Ukubwa wake ulikuwa 7.8. Mchana wa siku hiyohiyo, saa saba na dakika 24, likaja jingine la 7.5 na kuangusha majengo yaliyokuwa yamebaki na nyufa. Gaziantep, Kahramanmaraş, Adıyaman, Hatay, na ng'ambo ya mpaka Aleppo na Idlib. Waliofariki katika nchi hizo mbili wamezidi 50,000. Kule Jindires, kaskazini mwa Syria, waokoaji walimtoa chini ya kifusi mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza amezaliwa, kitovu kikiwa bado kimemuunganisha na mama yake aliyekuwa ameshafariki.

Sasa mwonyeshe mtu wa Nairobi video kama hiyo uone. Sisi kifusi tunakijua. Wengine wetu tulisimama nje ya mzunguko wa polisi tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa na jengo la Ufundi likaporomoka, tukisikiliza kama kuna sauti chini ya zege. Mwaka wa 2016 jengo la ghorofa lilianguka Huruma, na mtoto mchanga wa kike akatolewa akiwa hai baada ya zaidi ya siku tatu. Mama aliyekuwa Huruma siku ile hawezi kutazama video ya Jindires akabaki amefunga mkoba. Hawa watu wanalijua hilo. Wanamtaja mtoto wa Huruma kwa makusudi, nimesikia sauti waliyorekodiwa na kijana mmoja wa kwaya.

Katikati ya video hizo za kweli wameweka bango lenye picha ya mzimamoto amemkumbatia mtoto mbele ya vifusi. Itazameni vizuri picha hiyo. Hesabuni vidole vya mkono wa kulia wa mzimamoto: ni sita. Si picha ya mtu. Imetengenezwa na kompyuta, na matapeli wa nchi mbalimbali waliitumia baada ya tetemeko kuombea pesa mitandaoni. Hawa wa kwetu wameichukua hivyohivyo ilivyo, wakabandika chini yake namba ya simu.

Nije kwenye makaratasi, maana hapa ndipo uongo wao unapovunjika na ni vizuri kila mmoja ajue cha kuangalia.

Shangazi alitumiwa ujumbe usemao kontena la kwanza "limefika salama bandari ya Iskenderun." Tetemeko lilikuwa halijatimiza wiki mbili. Meli kutoka Mombasa hupanda Bahari ya Shamu, ikapita Suez, ndipo ifike pande zile, na hiyo ni safari ya wiki kadhaa hata mambo yakienda vizuri. Kabla ya hapo mzigo wa Nairobi lazima upakiwe, ukaguliwe, uteremke hadi Mombasa na kusubiri meli. Na zaidi ya hayo, bandari ya Iskenderun yenyewe ilipigwa na tetemeko, makontena yakaanguka na kuwaka moto uliochukua siku kadhaa kuzimwa. Shughuli zikasimama na meli zikaelekezwa bandari nyingine, Mersin ikiwemo. Yaani walichagua kusema mzigo umeshushwa mahali ambapo hapakuwa pakishushwa kitu.

Pamoja na ujumbe huo kulikuwa na picha ya kontena na namba yake. Namba ya kontena la kawaida la mizigo ina mpangilio mmoja dunia nzima: herufi nne, ya nne ikiwa U, kisha tarakimu saba. Tarakimu ya mwisho haiwekwi kwa kubahatisha. Inatokana na hesabu ya zile zilizotangulia, ili mtu akikosea kuandika ijulikane. Namba yao ilikuwa na tarakimu sita. Mtu aliifuta moja wakati wa kuichezea picha, au alibuni tu. Vyovyote vile, hakuna kontena la namna hiyo kwenye meli yoyote.

Nikampigia yule msichana nikajitambulisha kuwa naulizia kwa niaba ya chama. Nikamwuliza swali moja: mpokeaji wa mzigo ni nani? Kila mzigo unaosafiri kwa meli una hati inayotaja aliyeutuma na atakayeupokea. Bila mpokeaji anayejulikana, mzigo wa msaada unakwama bandarini na kuziba nafasi ya mahema na dawa. Akanijibu "wananchi wa Uturuki." Nilipomwambia anitumie hati ya meli akasema iko kwa mhasibu. Baada ya hapo simu yangu haikupokelewa tena.

Kuhusu Syria walisema lori lao linavuka "mpaka wowote tu." Wakati tetemeko linatokea, msaada wa Umoja wa Mataifa kuingia kaskazini magharibi mwa Syria ulikuwa umeidhinishwa kupitia kivuko kimoja, Bab al-Hawa, na barabara za kukifikia zilikuwa zimeharibika. Msafara wa kwanza wa Umoja wa Mataifa baada ya tetemeko ulivuka tarehe 9 Februari. Vivuko vingine viwili vilikubaliwa baadaye. Mashirika makubwa yenye malori na vibali yalihangaika. Kikundi chenye pikapu moja Kayole kingepitia wapi?

Gikomba nilienda na shangazi na mama mwingine wa chama chao, fundi cherehani. Mama huyu ndiye aliyeshona alama kwenye kila blanketi: pembetatu ndogo ya kitenge cha manjano kwenye kona, uzi wa samawati, mshono wa kurudia mara mbili. Walitaka atakayejifunika huko ajue limetoka kwa watu. Tuliyakuta kwenye kibanda kimoja upande wa mablanketi, yamepangwa juu ya mengine, shilingi 700 moja. Kwenye mengi pembetatu ilikuwa imekatwa kwa wembe lakini nyuzi za samawati zimebaki, zimechomoza kama ndevu. Matatu yalikuwa nayo bado. Mama yule alilishika moja, akaligeuza, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, akasema "huu ni mkono wangu." Hakupiga kelele. Aliliweka chini na kulikunja upya.

Mwenye kibanda hakutuficha. Alisema alinunua marobota kwa jumla alfajiri kutoka kwa watu wenye pikapu nyeupe, na si mara moja. Simlaumu, Gikomba watu hununua kinachokuja, na yeye ndiye aliyekubali kutoa maelezo.

Sasa pesa. Mbali na mablanketi, kila mtoaji anadaiwa shilingi 200 kwa kila blanketi, "ada ya kontena." Wanawapa namba ya simu, si paybill (namba ya malipo ya shirika). Ukituma kwa M-Pesa, jina la mwenye namba linatokea kabla hujamaliza, na jina lililotokea ni la mtu binafsi, tena si mmoja kati ya yale yaliyo kwenye vitambulisho vyao. Wakiulizwa wanasema ni huyohuyo mhasibu. Wana pia nakala ya cheti cha usajili wa kikundi cha kujisaidia. Cheti hicho hata kikiwa cha kweli hakimpi mtu ruhusa ya kuzunguka akichangisha umma. Kuna Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106, kwa kazi hiyo. Waombeni leseni ya mchango kwa maandishi.

Ninaandika leo, Machi 2023, kwa sababu wamebadilisha mtego. Ramadhani iko mlangoni, na wameanza kuonekana karibu na misikiti ya Eastleigh na Pumwani wakisema wanapokea zaka na sadaka kwa ajili ya Idlib. Na wiki hii kuna bango jipya, namba ileile ya simu, lakini picha ni ya mizoga ya ng'ombe na maneno ni ya ukame wa Marsabit na Turkana. Kaskazini mwa nchi yetu misimu mitano ya mvua, hadi mwisho wa 2022, imepita bila mvua ya maana. Kuna watoto wanaohitaji unga na maji leo hii. Mtu anayeiba kwa jina lao anawaibia mara ya pili kesho, pale mama wa Umoja atakapoombwa na watu wa kweli akasema hapana.

Kwa hiyo sisemi msitoe. Toeni, ila toeni pesa, na toeni kwa shirika lenye ofisi unayoweza kuingia na hesabu unayoweza kuiomba. Blanketi la Nairobi hadi Hatay linagharimu zaidi kulisafirisha kuliko kulinunua hukohuko. Na msione haya kuuliza hata wakubwa. Mwisho wa Februari Hilali Nyekundu ya Uturuki yenyewe ilibanwa na wananchi wake baada ya kujulikana kuwa iliuza mahema zaidi ya 2,000 kwa shirika jingine la misaada siku chache baada ya tetemeko. Mkuu wake alilazimika kujibu hadharani, kwa sababu kulikuwa na shirika, jina na risiti. Hawa wa pikapu hawana hata mlango wa kubishwa hodi.

Waliokwisha kutuma pesa: msifute ujumbe wa M-Pesa. Kama umetuma muda mfupi uliopita, peleka ujumbe huo kwa 456 kuomba urudishiwe. Pesa ikishatolewa huwa ni vigumu, kwa hiyo usisubiri. Namba wanayotumia ripotini kwa 333. Maelezo ya jinai yapelekeni kituo cha polisi, au pigeni bure laini ya DCI (idara ya upelelezi wa jinai), 0800 722 203. Makanisa ambayo bado yana mablanketi stoo kwa niaba yao, msiyatoe kwa mtu yeyote, hata akija na barua.

Sisi tumeandikisha ripoti na tuna namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Mlioguswa niandikieni faraghani niwape namba hiyo, muende nayo kituoni mkaongeze maelezo yenu kwenye faili hilohilo badala ya kila mtu kufungua lake. Mama fundi na mwenye kibanda wamekubali kuwa mashahidi. Kinachokosekana ni namba ya pikapu. Tunajua inaanza na KBZ, ina dirisha la nyuma lililozibwa kwa turubai na taa ya kushoto imevunjika. Mwenye picha inayoonyesha namba nzima, hata kama ilipigwa kwa bahati kwenye sherehe ya kanisa, tafadhali anitumie.