Uzoefu wangu na OraQuick, kipimo cha kujipima VVU kwenye fizi

Nilijipima kwa OraQuick kabla posa haijaletwa nyumbani kwetu, na mchumba wangu naye akajipima siku hiyo hiyo, kila mtu na pakiti yake. Nakipendekeza, ila anayekitaka ahesabu tarehe kwanza.

Kipimo hiki hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, zile protini ambazo mwili hutengeneza baada ya kukitambua kirusi, na mwili huchukua wiki kadhaa mpaka zifike kiasi cha kuonekana. Washauri nasaha huziita wiki hizo kipindi cha dirisha. Kwa kipimo cha fizi, maelezo ya ndani ya pakiti yanataka miezi 3 iwe imepita tangu jambo la kutia shaka. Aliyeambukizwa Jumamosi iliyopita akijipima leo ataona mstari mmoja tu, yaani hasi, na huku anacho kirusi. Tena katika wiki hizo za mwanzo kirusi huwa kingi sana damuni, kwa hiyo ndipo anapoweza kumwambukiza mwenzake kwa wepesi zaidi. Sisi tulikuwa tumepita miezi hiyo bila jambo la kutia shaka, ndiyo maana jibu letu tulilipa uzito.

Famasi niliyonunua, hapa hapa Mombasa, haikuniuliza chochote. "Dada, dakika ishirini tu ushamaliza." Ni kweli. Lakini mtu anayekimbilia famasi asubuhi kwa hofu ya jambo la usiku uliopita hafai kuuziwa pakiti hii. Anatakiwa aelekezwe hospitali akapewe PEP, dawa za kuzuia maambukizi, ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72. Akirudi nyumbani na hasi yake, saa hizo zinapita na nafasi imekwenda. Hili linaniuma kuliko lolote katika habari hii. Na pakiti zilikuwa zimepangwa palipo na jua la mchana, ilhali zinatakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 30 za selsiasi. Nikaomba nitolewe iliyokuwa kabatini.

Mchumba wangu aliuliza swali ambalo najua wengi wanalo: ikiwa mate hayaambukizi Ukimwi, yatapimaje Ukimwi? Kinachochukuliwa si kirusi, ni kingamwili zilizomo kwenye majimaji ya fizi. Unapangusa fizi za juu mara moja na za chini mara moja, kwa nje, si ulimi wala shavu. Usiwe umekula au kunywa kwa dakika 15 kabla. Kisha unakitia kijiti kwenye kichupa chenye dawa na kusoma jibu baada ya dakika 20, lakini zisizidi 40. Mstari kwenye herufi C ya kijiti lazima utokee, la sivyo kipimo kimeharibika. Ukitokea na kwenye T, hata uwe umefifia namna gani, unahesabika kuwa chanya.

Majimaji ya fizi yana kingamwili chache kuliko damu, na hapo ndipo kipimo hiki kinapozidiwa na kile cha kudunga kidole. Kilipoidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa watu kujipima nyumbani, majaribio yalionyesha kwamba kwa kila watu 12 hivi wenye VVU, mmoja alipata hasi isiyo ya kweli. Kwa wasio na VVU kilikuwa sahihi mno, kosa moja kwa takriban watu 5,000. Anayetaka jibu la mapema aende maabara kwa kipimo cha damu kinachotafuta antijeni ya p24, yaani protini ya kirusi chenyewe, pamoja na kingamwili, ambacho kwa kawaida hugundua maambukizi kati ya siku 18 na 45.

Wako watu ambao hawafai kukitumia kabisa. Anayemeza ARV, dawa za kudhibiti VVU, anaweza kuona mstari mmoja kwa sababu dawa zimekidhibiti kirusi na kingamwili zimepungua. Tafadhali sana, hiyo si dalili ya kupona. Akiacha dawa kwa ajili ya mstari huo, kirusi kitarudi. Anayetumia PrEP, dawa anazomeza asiye na VVU ili asiambukizwe, naye apimwe kituoni, maana dawa hizo zinaweza kuchelewesha kingamwili. Na mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hubeba kingamwili za mama yake hata miezi 18, kwa hiyo chanya yake kwenye vipimo vya aina hii haithibitishi kwamba ameambukizwa. Watoto wa umri huo hupimwa kwa PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta kirusi chenyewe, kuanzia wiki ya sita au hata mapema zaidi.

Kwa upande wa chanya, wachumba wenzangu hasa nawaomba wasivunje lolote kwa mistari miwili ya kipimo hiki. Shirika la Afya Duniani tangu 2019 linashauri vipimo vitatu mfululizo vyenye jibu moja kabla mtu hajaambiwa ana VVU, na cha kujipima mwenyewe hakihesabiki miongoni mwa hivyo vitatu. Kituo cha afya cha serikali hupima bure. Hata sisi wenye hasi tulikwenda kupima damu, kwa sababu ya yule mmoja kati ya 12.