Madini ya ng'ombe wa maziwa: nunua yapi kwanza ili ashike mimba

Ng'ombe akihimilishwa (akipandishwa kwa mbegu ya mrija) mara tatu bila kushika mimba, wengi humlaumu mhimilishaji. Kabla ya kulipia mbegu nyingine, angalia kihori. Kila lita ya maziwa hutoka na takriban gramu 1.2 za kalsiamu na gramu 0.9 za fosforasi, na majani ya matembo (nepia) peke yake hayawezi kuzirudisha zote.

1. Unga wa madini kamili wa ng'ombe anayekamuliwa. Hapa ndipo pesa yako iende kwanza. Usinunue kwa picha ya ng'ombe mnene iliyo kwenye mfuko, soma lebo. Tafuta fosforasi, shaba, zinki, manganizi, iodini, seleniamu na kobalti, kila moja na kiwango chake. Fosforasi na shaba zikipungua, ng'ombe anaweza kukaa bila kuonyesha joto, yaani dalili za kutaka dume. Seleniamu ikikosekana, kondo la nyuma hubaki, kizazi huchafuka na miezi inapotea. Kobalti nayo si ya kudharau: ng'ombe wa Nakuru walidhoofika kwa kuikosa mpaka ugonjwa ukapewa jina la mji huo. Mfuko wa bei rahisi mara nyingi umejaa chumvi na chokaa, kwa hiyo linganisha bei kwa fosforasi iliyomo, si kwa kilo. Changanya gramu 100 hadi 150 kwa siku kwenye pumba, au kama lebo inavyosema. Kondoo wasiuguse, shaba huwaua.

2. Jiwe la kulamba. Linafaa mitamba na ng'ombe wa malishoni. Anayetoa maziwa mengi hawezi kulamba la kumtosha, kwa hiyo liwe nyongeza tu. Litundike pasiponyesha.

3. DCP (dikalsiamu fosfeti). Ina fosforasi nzuri, ila haina shaba wala seleniamu. Inunue ukiwa na mtaalamu wa kukupimia mchanganyiko.

4. Magadi. Ng'ombe huyapenda, lakini hayana fosforasi ya maana, na floridi yake huharibu meno. Mimi singeyategemea kabisa.

Sindano ya seleniamu na vitamini E mwachie daktari wa mifugo, kwa kuwa ikizidi ni sumu. Na ng'ombe aliyekonda mpaka mbavu zinahesabika anahitaji chakula kwanza. Madini pekee hayatamrudisha kwenye joto.

Ng'ombe aliyekaushwa, yaani aliyeachwa kukamuliwa akingoja kuzaa, mnunulie unga wake mwenyewe, wenye kalsiamu kidogo. Akila ule wa wanaokamuliwa hadi siku ya kuzaa, mwili huzembea kutoa kalsiamu mifupani, na maziwa yakianza ng'ombe huanguka kwa homa ya maziwa, yaani kupungukiwa na kalsiamu kwenye damu.