Boti ya Pontuni: Futi 18 au Futi 22? Uzoefu Wangu wa Misimu Minne Minnesota

Katika misimu minne ya kiangazi hapa Minnesota, Marekani, nimemiliki boti mbili za pontuni: ya kwanza ya futi 18, yenye maboya mawili na injini ya nguvu farasi 60, na ya pili, niliyo nayo sasa, ya futi 22, yenye maboya matatu na injini ya nguvu farasi 150. Wakenya wenzangu wa huku huniuliza wanunue ipi, nami nimeona heri nieleze kwa nini niliiuza ile ndogo.

Boti hii ni sakafu bapa iliyokaa juu ya maboya marefu ya alumini yaliyojaa hewa. Asili yake ni jimbo hili hili, kwani mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima wa Richmond, Ambrose Weeres, aliunga mapipa ya chuma safu mbili akaweka sakafu ya mbao juu yake. Tangu hapo kinachobeba watu ni maboya, wala si viti, na mnunuzi angepaswa kuyakagua hayo kwanza. Mimi sikufanya hivyo. Nilisoma kibao cha uwezo kilichoandikwa watu 9 au ratili 1,270, nikaridhika na ile 9. Ukigawanya, kila mtu amepewa ratili 141, yaani kilo 64, na katika ukoo wetu mtu mzima wa kilo 64 ni mmoja tu.

Jumapili moja ya Julai tulikuwa watu tisa katika Ziwa Minnetonka. Mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa, alikaa omo, yaani mbele ya boti, pamoja na wajukuu wawili. Boti ya kasi ilikatiza mbele yetu ikaacha mawimbi, nami kwa hofu nikarudisha mkono wa mafuta ghafla ili kupunguza mwendo. Omo ikainama, wimbi likapenya chini ya kilango cha mbele, na maji yakatambaa sakafuni hadi yakamfika mama vifundoni na kuzizoa kandambili zake mpaka tezi, nyuma ya boti. Hakuna aliyeumia, na watoto walikuwa wamevaa jaketi okozi, kama sheria ya Minnesota inavyowataka walio chini ya miaka 10 boti inapokwenda. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilijaza uzito mbele na sikupunguza mwendo taratibu. Lakini boti ndogo iliyojaa haimwachii nahodha nafasi ya kukosea hata mara moja, na hilo ndilo lililoniamulia.

Ile ya futi 22 hupokea mawimbi ya namna hiyo kwa utulivu, kwa sababu boya la tatu huongeza uwezo wa kuelea, na katika kona huinamia ndani badala ya kusukumwa nje. Mama aliporudi kiangazi kilichopita alikaa omo pale pale, akamenya machungwa bila wasiwasi.

Gharama, hata hivyo, zimepanda kuliko nilivyokadiria. Gari letu la zamani lilivuta trela ya kwanza bila taabu, lakini hii ya sasa imenilazimu kununua pikapu. Maziwa huganda majira ya baridi, hivyo boti lazima ihifadhiwe, na pale ninapoiweka wanatoza kwa futi. Kuiingiza gatini penye upepo wa ubavuni ni kazi ya watu wawili, ilhali ile ndogo niliimudu peke yangu.

Kwa hiyo simshauri kila mtu achukue kubwa. Familia ya watu wanne au watano, kwenye ziwa dogo lisilo na boti nyingi za kasi, itafurahia ya futi 18, hasa yenye maboya ya kipenyo cha inchi 25 badala ya 23. Lakini usilipe kabla hujaijaribu ikiwa na mzigo. Mara ya pili nilimwomba muuzaji tusubiri siku ya upepo, nikaja na watu wazima wanane na masanduku mawili ya barafu, nikamweka mzito wetu kuliko wote kwenye kiti cha omo, ndipo nikaanza kupunguza mwendo.