Kontrola ya Hita ya Tangi la Samaki: Kabla Hujatoa Hela, Angalia Sensa

Julai iliyopita niliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikaingiza mkono kwenye tangi kama kawaida yangu, nikautoa haraka. Maji yalikuwa kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Kipimajoto kilisoma nyuzi 35. Kati ya samaki wangu tisa, Tropheus duboisi wa kutoka Kigoma, saba walikuwa wameshaelea. Wawili walikuwa juu kabisa, midomo nje, wanahema.

Baba Neema akasimama mlangoni na mswaki mdomoni. "Si ulinunua kile kidude cha kuzuia?"

Nilikinunua, ndiyo. Na ndicho kilichowachemsha.

Sisi wa Arusha hatuwezi kufuga samaki wa Ziwa Tanganyika bila hita. Usiku wa Julai nje ni nyuzi 12 hivi, sebuleni kwangu Njiro 17, na hawa wamezoea 25, 26. Hita nyingi zina themostati yake ndani, kibamba cha metali mbili kinachojikunja maji yakipata moto na kuachanisha ncha za umeme. Tatizo ni kwamba kila ncha zinapoachana hutoka cheche ndogo, na baada ya miaka michache cheche hizo zinaziunganisha kama zimechomelewa. Hapo hita haizimi tena. Ndiyo maana watu hununua kontrola ya nje: unachomeka hita kwenye kontrola, kontrola kwenye soketi, unatumbukiza sensa majini (si ile ya kuhesabu watu, ni kile kipima joto kidogo kwenye ncha ya waya wa kontrola), na joto likifika unapotaka yenyewe inakata umeme.

Kumbe sensa ya kontrola yangu ilikuwa imeshikiliwa kwenye kioo na kikombe kidogo cha mpira, vile vinavyonata kwa kubanwa. Mpira ule ukikaa majini miezi sita unakakamaa. Usiku ule uliachia, waya ukaivuta sensa, ikaning'inia nje ya tangi kwenye baridi ya sebule. Kontrola ikasoma 17, ikadhani maji yamepoa, ikawasha. Ikasoma tena, bado 17. Ikaendelea kuwasha mpaka asubuhi. Haikuharibika hata kidogo. Ilifanya kazi yake kwa uaminifu wote, ila ilikuwa inapima hewa.

Kwa hiyo leo sitazungumzia ukubwa wa skrini wala rangi ya taa. Programu ya simu nitaigusa tu. Swali langu kwa kila kontrola ni moja: sensa ikitoka majini, nini kinatokea?

Namba moja kwangu ni Inkbird ITC-306A, na sijifichi, Inkbird naipenda. Hii wameitengeneza kwa ajili ya matangi ya samaki na ina sensa mbili. Zikisoma tofauti kubwa, inapiga kelele. Moja ikichomoka, ya pili bado imo majini na inajua ukweli. Usizifunge pamoja kama mapacha, tafadhali. Moja weka kulia, nyingine kushoto, kila moja na kishikio chake, la sivyo umelipia sensa mbili ukapata moja. Ina waifai, unaweza kuangalia joto ukiwa kazini, lakini inataka waifai ya masafa ya 2.4 GHz. Ni ya kupasha joto tu, haina upande wa kupoza. Arusha nani anapoza?

Ya pili ni ndugu yake, Inkbird ITC-308. Hii ndiyo utakayoiona zaidi, kwa sababu watengeneza bia za nyumbani na wenye mashine za kutotolea vifaranga wanaitumia pia. Ina soketi mbili, ya kupasha na ya kupoza, na toleo la volti 220 linabeba hadi wati 2,200, yaani hita ya samaki kwake ni kitu kidogo mno. Umeme ukikatika na kurudi inakumbuka ulichoiwekea, na kwa umeme wetu hilo si jambo dogo. Sensa ni moja tu, ndiyo maana haikupata namba moja. Lakini ina AH na AL, kengele ya joto kuzidi na ya joto kupungua, na hapa ndipo watu wengi wanapitwa. Weka AL kwenye 23. Sensa ikichomoka usiku wa baridi itasoma hewa, itashuka chini ya 23, italia. Kengele ambayo wengi wanadhani ni ya maji kupoa ndiyo itakayokuamsha kabla maji hayajachemka. Ningekuwa nayo usiku ule, nisingekuwa naandika haya. Kwa wenzangu wa Dar na Tanga ambako chumba kina nyuzi 27 usiku, ujanja huu haufanyi kazi, lakini ninyi hita ya nini?

Ya tatu ni STC-1000, ile ndogo nyeusi inayokuja tupu, nyaya zinafungwa nyuma kwa skrubu. Ni ya bei nafuu, kazi yake inaifanya, na mipangilio yake minne, F1 hadi F4, ni rahisi kuelewa: joto unalotaka, tofauti inayoruhusiwa kabla haijawasha tena, muda wa kusubiri, kurekebisha usomaji. Lakini inahitaji boksi na fundi umeme anayejua anachofanya, si kijana wa mtaani wa kuunganisha kwa gundi ya karatasi karibu na maji. Na sensa ikichomoka itawasha hita kimya kimya. Kama huwezi kuisimamia, pita.

Zile nyingine za elfu ishirini zisizo na jina, zenye plagi na skrini ya kijani: yangu ilikuwa mojawapo. Tuendelee.

Bei sasa. ITC-308 mtandaoni Marekani ni kama dola 35. Ukiiona kwenye kurasa za Instagram za kwetu, chini yake imeandikwa "Bei njoo inbox". Kwa nini? Bei ni siri ya ndoa? Ukienda inbox unaulizwa kwanza uko wapi, unafuga nini, na ukisema Njiro bei inapanda palepale. Mmoja alinitajia laki mbili na nusu. Nilipouliza kulikoni akanijibu "ushuru mama". Nikamwomba risiti ya ushuru akanizuia nisimwone tena. Mwingine alikuwa anauza mzigo wa Marekani, wa volti 110, na transfoma ya kuombea Mungu. Usinunue. Agiza toleo la volti 220 au 230 lenye plagi ya pini tatu za mraba kama zetu, ile wanayoiita ya Uingereza. Ukipewa ya pini mbili za duara na adapta ya elfu mbili, hiyo adapta inalegea, na ikilegea inapata moto.

Nimrudie yule aliyeniuzia mimi, maana kosa lake ni kubwa kuliko kontrola. Alinipa hita ya wati 300 kwa tangi la lita 120, "kubwa ndiyo nzuri, dada," kisha akaniambia niipandishe themostati ya hita mpaka mwisho, "kontrola ndiyo itakayoongoza." Maneno hayo mawili ndiyo yaliyoua samaki saba. Piga hesabu: wati 300 zinapandisha lita 120 nyuzi moja kila nusu saa hivi, ukiacha joto linalopotelea hewani. Usiku mmoja unatosha. Ingekuwa wati 100, kwa baridi ile ya sebuleni, ingehangaika kufika 29 au 30, na samaki wangelalamika lakini wangeishi. Maji ya moto pia yanashika oksijeni kidogo, na huku kwetu kwenye mita 1,400 juu ya usawa wa bahari tayari ni kidogo kuliko pwani. Wale wawili waliokuwa wanahema juu hawakuwa wanaota joto.

Sasa nina hita mbili za wati 75, Eheim Jäger, ambazo zina pete ya kurekebisha usomaji. Moja ncha zake zikishikana ikakataa kuzima, haina ubavu wa kuchemsha tangi, na moja ikifa nyingine inazuia baridi. Zote nimeziweka kwenye 28. Kontrola iko kwenye 26. Yaani kontrola ndiyo inayofanya kazi kila siku, na themostati za hita zimekaa nyuma zikisubiri kontrola idanganyike. Hii haikugharimu hata senti, ni kuzungusha tu kishikizo, na hakuna muuzaji hata mmoja aliyeniambia.

Vikombe vya mpira nimevitupa. Sensa nimezifunga kwa tai za plastiki kwenye bomba la kichujio, karibu na chini, ili hata maji yakipungua wakati wa kubadilisha zisibaki hewani. Na kila nikibadilisha maji nachomoa hita kwanza. Nyaya zote zinashuka chini ya soketi kabla ya kupanda, tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Ukishanunua, yoyote ile, fanya jaribio hili siku ya Jumamosi mchana ukiwa umekaa hapohapo na chai yako. Themostati ya hita iwe kwenye 28 na kontrola kwenye 26, kama zangu. Toa sensa majini, itundike nje, weka kipimajoto cha kawaida ndani ya tangi. Taa ya hita itawaka. Subiri. Maji yakifika 28 inatakiwa izime yenyewe, kontrola ikiwa bado inang'ang'ania kuwasha. Yakifika 29 na bado inawaka, chomoa, na hiyo hita usiilaze humo hata usiku mmoja.